Lile Gari Lilisimama

Mwezi uliopita binti yangu alinitoa nyumbani asubuhi asubuhi, eti, "Mama, vaa kanga safi, leo tunakwenda kupima." Nikamwuliza kupima nini, macho? Maana macho ndiyo yananisumbua, uzi hauingii kwenye sindano mpaka nimwite mjukuu. Akasema, "Siyo macho, mama. Kule chini." Wenzangu, nilicheka mpaka nikakaa. Nikamwambia, mwanangu, kule chini nilishafunga duka hata kabla baba yako hajafa, sasa wanakwenda kupima nini, utando wa buibui? Hakucheka. Akanivalisha viatu kama mtoto, tukaondoka.

Tukaingia Mwanjelwa, tukapita kwa wauza vitunguu na wauza mitumba wanaopiga kelele kama wamemwagiwa maji ya moto, tukafika kliniki. Kumejaa wanawake, wa rika langu wengi tu, wameinamisha vichwa kama wamekuja kuungama. Daktari mwenyewe binti mdogo, Mnyakyusa, ana mwanya. Kazi yake ni saratani za akina mama, hiyo tu, amesomea miaka. Akanipa shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi raha tupu, namwuliza, mjukuu wangu, mume unaye au nikutafutie? Anacheka na mwanya wake. Halafu akavuta kibeseni, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akatumbukiza kile chuma chao, kile chenye mdomo kama wa bata. Akasema, "Nakipasha kidogo, bibi. Baridi ya Mbeya unaijua." Na hapo mezani kulikuwa na ile dawa ya kusafishia vidonda, ile ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Harufu ikaja ikaniingia puani.

Nikanyamaza. Binti yangu akashtuka, maana mimi kunyamaza siyo kawaida yangu, hata msibani.

Daktari akauliza, "Bibi, kwenu kuna mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa huu? Mama, dada, shangazi?"

Nikasema, "Hakuna."

Fikirieni. Nimezika mume, nimeuza mchele Chimala miaka mpaka mgongo ukapinda, nimelea watoto sita, na siku hiyo nimelala pale kitandani nimesema uongo kama niliousema nina miaka minane. Na uongo wote, wa kwanza na wa pili, ni juu ya mama yuleyule. Nilipotoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikamwambia binti yangu, kaa hapa, kuna jambo sijawahi kukuambia. Ndilo hili ninalowaambia na ninyi.

Kwetu ni Mufindi, juu ya Igowole, kule ambako ukungu unaamka kabla ya watu na unalala baada yao. Chai upande huu, mianzi upande ule, na sisi katikati na shamba letu la mahindi na viazi. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai, kwa zamu, wiki nzima analala kambini, Jumamosi anarudi ananukia majani mabichi. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na mtoto mmoja tu. Mimi. Waliotangulia wawili walikufa wachanga, na baada yangu hakuja mwingine. Siku hizi mtoto mmoja mnaita uzazi wa mpango. Wakati ule ilikuwa ni kesi.

Na mwendesha mashtaka alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi hakuwa mtu mbaya, mdomo tu. Mwanamke mrefu, ananusa tumbaku, akipiga chafya kuku wanakimbia. Anaingia uwanjani bila hodi, salamu yenyewe kelele: "Kamwene! Wifi, bado tu uko na huyu mtoto mmoja? Kaka yangu ameoa mke au amenunua pambo la ukutani?" Mama anacheka, anamletea kigoda. Shangazi akishaondoka mama anakwenda nyuma ya nyumba kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.

Ilifika mahali damu ya mwezi ya mama ikakata, umri umefika, na shangazi akajua, maana wanawake wa kwetu walikuwa wanajuana mpaka hapo. Ndipo akaanza kumtafutia baba mke wa pili kule Igowole. Mimi niliyajua yote hayo. Mtoto anayecheza peke yake anasikia sana, watu wanamwona kama kisiki.

Sasa siku moja, nafikiri ulikuwa umepita mwaka au zaidi, nilimkuta mama mtoni kwenye mianzi anafua vitambaa, na anaimba. Mama hakuwa mwimbaji, kanisani alikuwa anachezesha midomo tu. Shangazi naye akatokea na ndoo yake, akaviona.

"Wifi! Hii damu ya nani?"

Mama akainua uso. Nauona mpaka leo ule uso. "Yangu," akasema. "Imerudi."

"Imerudi?"

"Imerudi, wifi. Wiki ya pili hii."

Basi shangazi akatupa ndoo chini, akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kwetu pale waliamini mwanamke aliyekatika akiona damu tena, Mungu amemfungua upya, mtoto yuko njiani. Hakuna aliyesema vingine. Wanawake walikuja kumpongeza, huyu na unga wa ulezi, huyu na mayai. Shangazi huyohuyo akaleta kuku jike akasema yale maneno ya Igowole yafe. Na baba, Jumamosi hiyo, alimletea mama sweta jipya la kijani, akampa mbele za watu, na kwetu mwanaume hakuwa anafanya hivyo.

Tulikuwa tunashangilia ugonjwa, wenzangu. Nyumba nzima, kijiji kizima, tunaupigia vigelegele.

Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nilichukua boga, nikalifunga mgongoni kwa kanga ya mama, nikazunguka nalo kutwa nzima najifunza kubeba. Shangazi ananitania, "Mdogo wako huyo amerithi kichwa cha babu yake!" Nikamwuliza, shangazi, kwani mtoto anakaa wapi? Akanigusa tumbo na kidole chake cha tumbaku, "Anakaa kwenye kizazi, wewe kisiki. Kimfuko. Mungu anamtia mle, anamshona, anamtoa." Nikalishika hilo neno kama senti mkononi.

Lakini damu haikukoma. Mwanamke mwenye mimba damu hukoma, hata mtoto anajua, ila hakuna aliyetaka kuuliza. Vitambaa vikawa vingi, na maji yake yakawa na harufu ambayo mama alianza kuificha kwa kufua mbali zaidi chini ya mto. Akawa anapumzika akipanda kilima. Siku moja akaniambia twende hospitali, akaangalie kama mtoto amekaa vizuri. Ilikuwa ni hospitali ya misheni, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua la saa nne.

Hapo ndipo nilipomwona daktari mwanamke kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Daktari Eliza. Nilidhani ni mpishi. Mfupi, sweta la njano limekunjwa mikono, viatu vya kiume. Alimlaza mama nyuma ya pazia, mimi nikaambiwa nikae upande huu kwenye kigoda, na pazia lilikuwa fupi, naona miguu. Nikasikia maji yanamiminwa. "Mama, chuma hiki kina baridi, ngoja tukipashe. Na mimi mikono yangu ni barafu, ngoja niikalie kidogo." Na kweli akaikalia! Nikaona viatu vyake vinaning'inia, amekaa juu ya mikono yake anangoja ipate joto, anamwuliza mama habari za viazi. Mama, ambaye hata mbele ya baba alivaa nguo gizani, akacheka. Ile dawa nyeupe ikanukia.

Akamaliza. Hakusimama kumwambia. Alivuta kigoda akakaa chini kuliko mama, nikamwona magoti.

"Mama, damu hii siyo ya mwezi. Kuna kidonda kwenye mlango wa kizazi. Kinaitwa saratani, kinakula. Lakini nimekishika, bado ni kidogo, hakijatambaa pembeni. Nataka nikupasue. Nitoe kizazi chote na kidonda chake. Tukifanya sasa, una nafasi nzuri. Tukingoja, sitakuwa na kisu cha kukifuata."

Mama akauliza kitu, sikukisikia. Daktari akajibu kwa sauti ya chini kabisa, na mama akaanza kulia. Nilichokishika mimi ni kimoja tu: nitoe kizazi chote. Kimfuko. Na mdogo wangu yumo ndani, ameshonwa nusu.

Tuliporudi, mama alinawa uso kwenye kijito, akaniambia, "Usimwambie shangazi. Alhamisi daktari anapita na gari akitoka kliniki za vijijini. Atanichukua pale njia panda. Nitakaa hospitali kidogo, halafu nitarudi. Baba yako nitamtumia habari nikiwa kule." Aliogopa, nadhani, kwamba shangazi akijua kizazi kinatoka, ile safari ya Igowole itafufuka kabla hajafika hata kwenye geti la hospitali.

Nikamwuliza, "Utarudi na mdogo wangu?"

Akanitazama. "Nitarudi mimi," akasema. Ilikuwa ni kweli tupu, lakini mimi nilisikia hukumu.

Alhamisi ilikuja na ukungu wake. Mama alijifungia kifurushi, akavaa lile sweta la kijani, akajificha kwenye mianzi chini ya barabara, mto unakovuma, ili shangazi akipita kwenda shambani asimwone. Akaniambia nikae juu, njia panda. "Ukiona landrova, simamisha, halafu niite." Nikakaa. Miguu inaganda. Nikasikia mlio, taa mbili zikatoka kwenye ukungu. Mkono sikuinua. Niliurudisha nyuma nikaushika na mwingine. Nikaomba lipite.

Lile gari lilisimama.

Lilisimama lenyewe, miguuni pangu. Daktari Eliza akafungua mlango, akashuka. "Kamwene, mama mdogo. Mama yuko wapi?"

Nikasema, "Amesema hataki. Amekwenda Mbeya kwa mjomba."

"Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Anarudi lini?"

"Hajasema."

Akanitazama sana. Akatazama chini kwenye mianzi, na mianzi ilikuwa nyeupe yote, huoni hatua kumi. Kama mama angekohoa! Dereva akapiga honi kidogo, kuna mgonjwa mwingine nyuma amelala. Daktari akainama, akaniambia usoni, "Akirudi mwambie namngoja. Siyo lazima Alhamisi. Siku yoyote, saa yoyote. Umesikia? Sema ulivyosikia."

Nikasema, "Siku yoyote, saa yoyote." Sikukosea hata neno.

Gari likaenda. Mama akapanda kutoka kwenye mianzi, kanga imelowa umande mpaka magotini. "Nimesikia mlio."

"Limepita," nikasema. "Nimepunga mkono, halikusimama."

"Halikusimama?"

"Halikusimama, mama."

Alisimama anaitazama barabara, kifurushi kifuani. Kisha akasema taratibu, kama anajisemea, "Labda ameona haifai tena." Tukarudi nyumbani, akafungua kifurushi, akaosha viazi, akapika.

Mtaniuliza, mbona hakwenda kwa miguu wiki ya pili? Nami nimejiuliza hivyo, nikipika, nikipepeta mchele, nikiwa kanisani. Nafikiri aliona aibu. Mtu amekuvua nguo, amekuona ulivyo, halafu anakupita barabarani, unarudije kwake? Na nafikiri pia, Mungu anisamehe, kuna sehemu ya moyo wake iliyopumua. Kama daktari hakusimama, basi pengine shangazi ndiye aliyekuwa sahihi. Pengine mtoto yupo.

Ulikuja msimu wa mvua, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukashuka, watu wakawa wanaimba njiani, na mama akaanza kwisha. Uso ukaingia ndani, miguu ikavimba, na tumbo likajaa. Mimi nikafurahi kuhusu tumbo! Nilikuwa naweka sikio. Nasikia maji yanaguruma ndani, nasema, mama, anacheza. Anasema, "Eeh, anacheza," na ananifuta makamasi.

Halafu harufu. Sitaisema sana, mwenye kuijua anaijua. Ilifika mahali shangazi akakihamishia kitanda cha mama kwenye nyumba ya jikoni, eti kuna moto, atapata joto. Wanawake wa mayai na unga wa ulezi hawakuonekana tena, wakipita wanasalimia kutoka barabarani. Shangazi alikuja kila siku, nimpe haki yake, alileta uji, lakini alisimama mlangoni amejifunika kanga puani: "Mimba gani hii, wifi? Mimi nimezaa nane, sijaona mimba inanuka." Nikamrushia gunzi. Likampata.

Baba ndiye aliyekwenda. Asubuhi moja hakurudi kazini, akachukua fimbo, akatembea mpaka hospitali, na mchana nikasikia landrova inapanda mpaka uwanjani kwetu. Nilitaka kukimbilia kwenye mahindi. Nikaishia kujibanza kwenye kona ya jikoni.

Daktari Eliza aliinama akaingia jikoni. Hakushika pua. Nilimwangalia kwa makusudi kama atashika. "Kamwene, mama," akasema, akakaa chini kwenye majivu na sketi yake. Mama akageuza uso ukutani kwa aibu. Daktari akaukalia mkono mmoja, na mwingine akauweka kwenye paji la uso la mama, akawa anabadilisha hivyo mpaka yote ikapata joto. Akaomba maji ya moto. Akamimina dawa, maji yakawa maziwa. Akasaga vidonge kwenye kibao kuwa unga wa kunyunyiza kwenye kidonda, akaniambia mimi nijaze sinia mkaa uliopondwa, tukausukuma chini ya kitanda, ule mkaa unavuta harufu. Halafu akamwita baba.

"Baba, njoo ushike beseni. Nataka ujue namna ya kumwosha, mimi sitakuwepo kila siku."

Shangazi akaruka. "Mwanaume hashiki vitu hivyo! Tangu lini?"

"Leo, mama," daktari akasema. "Leo anaanza."

Baba akaingia. Mtu mkubwa yule, wa kubeba magunia, akalishika beseni kama yai. Mwanzo alitazama dari lenye masizi. Daktari akamwambia, "Mtazame mke wako, baba, usitazame dari." Akamtazama. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye masharubu na hana mkono wa kufuta. Walimwosha pamoja, wakambadilisha, wakampa dawa ya maji ya maumivu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mama akanukia usafi. Ile harufu iliyonikuta Mwanjelwa ndiyo hiyo. Kwangu ni harufu ya siku aliyopumzika.

Ndipo daktari, akifuta mikono, akanitazama vizuri pale kwenye kona.

"Huyu binti namfahamu," akasema. Moyo wangu ukatoka ukasimama nje. "Mama, siku ile ya Alhamisi nilikuja. Nilisimama pale njia panda."

Mama akafumbua macho.

"Nikaambiwa umekataa, umekwenda Mbeya kwa kaka yako."

"Mbeya?" Shangazi kutoka mlangoni. "Huyu hata Makambako hajafika! Kaka gani?"

Moto unalia tu, chii, kwenye kuni mbichi. Mama akageuza kichwa polepole akanitazama. Sikujificha, sikuwa na pa kujificha. Alinitazama muda mrefu kabisa, na nikaona kabisa, kama mnavyoona maji yanavyopanda kwenye kitambaa, namna alivyoelewa. Yote. Gari, ukungu, boga, kila kitu.

Kisha akamgeukia daktari. "Ni kweli," akasema. "Nilikataa. Mtoto nilimtuma mimi aseme vile."

"Ulikataa!" Shangazi akapiga makofi. "Ulikataa dawa! Mpumbavu wewe mwanamke, una mtoto huyu umemwachia nani?" Baba akaweka beseni chini akatoka nje. Mama akafumba macho akayapokea yote, na aliendelea kuyapokea. Aliyapokea mpaka siku tulipomzika, mahindi yanaanza kutoa ndevu, wanawake wanasemezana kaburini, alijitakia, alikuwa mbishi, alikataa daktari akiwa mlangoni. Nami nimesimama pale kati yao nimeshikwa mkono. Sikufungua mdomo. Sikuufungua kwa shangazi mpaka akafa, wala kwa baba, ambaye hakuoa tena, kule Igowole wala kwingine.

Basi juzi nilirudi kwa yule daktari wa Mwanjelwa. Vipimo vyangu vimetoka salama, msiwe na wasiwasi, nipo nipo sana. Lakini nilimwambia, mjukuu wangu, futa lile neno nililokwambia, andika mama. Nikamsimulia, na yeye akasogeza kiti kikagusana na changu. Nikamwuliza, yule mama angepona? Kama mtoto angesema ukweli?

Hakunipapasa kwa maneno. Akasema, "Sijui, bibi. Kwa ulivyoeleza yule daktari alivyokikuta kile kidonda, labda angepona. Wengi wa hivyo wanapona. Wengine hapana. Nikikwambia zaidi ya hapo nitakudanganya." Nikamshukuru. Watu wengi wangeniambia ulikuwa mtoto, hukujua, yaishe. Halafu nikamsukuma binti yangu mgongoni, nikasema na huyu naye mpandishe kitandani, na wadogo zake wawili nitawaleta mwenyewe hata kwa kuwaburuta.

Lakini kuna kipande kimoja sikumwambia daktari, kwa kuwa hakikuwa cha ugonjwa.

Siku ile, Daktari Eliza alipokuwa anaondoka, alichuchumaa mbele yangu uwanjani akanifunga vifungo vya sweta, vilikuwa vimepishana. Akasema kwa sauti ya chini, "Tumboni kwa mama hakuna mtoto. Hakuwepo tangu mwanzo. Umeelewa?" Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Hakuniuliza kitu kingine. Alikuwa anajua, yule, na akaamua kuondoka na kile alichokijua.

Nikarudi jikoni. Shangazi alikuwa amekwenda kuchota maji, tumebaki wawili. Nikasimama karibu na kitanda nangoja. Nilijua nitapigwa, nilitaka nipigwe, hata kuni nilimletea karibu na mkono.

"Daktari amekwambia?" mama akauliza.

"Ameniambia."

Akasogea kidogo, kwa shida, akapiga godoro kwa kiganja chake kile kikubwa. Nikapanda nikalala ubavuni kwake, nikiogopa kumwumiza. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za shule:

"Ulikuwa umempa jina gani?"

Nikamtajia. Nilikuwa sijamtajia mtu yeyote. Akalirudia mara moja, polepole, akionja jinsi linavyokaa mdomoni. Kisha akainua kichwa kutoka kwenye mto, akatazama mlango uliokuwa wazi, akaliita tena kwa sauti, kama unavyomwita mtoto anayecheza uwanjani aje ndani, chakula tayari.